Jicho kwenye Ua wa Bi Tausi

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Sogeeni hapa barazani niwaambie mwenyewe, kabla hamjaipata kule mwaloni kwa wavuvi imeongezwa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Ina ya kutosha.)

Mnajua Mama Zaituni yuko ndani ya arobaini. Leo siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Kichanga hakilali, na kikilala, Zaituni anakiamsha. Mtoto wa miaka mitatu, ana wivu kama mke mwenza. Anamvuta mdogo wake miguu na kumuuliza anarudi kwao lini. Mama yao hajafumba macho sawasawa tangu siku ile. Jana asubuhi alinisalimia mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza ananiona. Mkunga akatutisha: huyu asipolala, maziwa yatakata.

Mimi nami sina nafasi. Bwana Mdachi wa boma anapita hapa Rumonge keshokutwa, askari wake wanataka suruali, na Zaituni ukimweka karibu na cherehani lazima atie kidole. Ikabaki njia moja, kwa Bi Tausi, yule mjane anayekaa na watoto uani kwake wakati mama zao wanaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama mkwe wangu alimpeleka Zaituni siku tatu, na siku zote tatu alirudi naye hata jua halijapanda. Kilio chake kinaambukiza. Akianza yeye, watoto wote wanane wanafuata.

Jana Bi Tausi akatuma neno: "Kesho ndiyo mwisho. Akilia tena, mukae naye wenyewe."

Nikasema, mbele ya mama mkwe: "Nyinyi mnambembeleza sana. Niachieni mimi." (Nilitoa na kifua.)

Asubuhi nikavaa kanzu, nikambeba mtoto, nikapiga hodi. Bi Tausi akanipokea mlangoni. Yule mama ana sheria yake: mzazi anaacha nguo, mtoto anaikalia, na anaambiwa mwenye nguo atairudia adhuhuri. Mzazi akitoka asigeuke, na asionekane mpaka adhuhuri. Akionekana, kazi inaanza upya.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kofia yangu nzuri, imefuliwa, imefukizwa udi. Zaituni akainusa, akaitupa.

"Fundi," akasema Bi Tausi, "hii iko na harufu ya sanduku. Mutoto anataka jasho lako."

"Jasho langu liko kwenye kanzu."

"Basi toa kanzu."

Nikavua. Nikabaki na shuka kiunoni, na kifua hiki mnachokiona, ambacho jana nilikitoa kwa maneno tu. Zaituni akaikumbatia kanzu, akakaa juu yake, akanitazama. Nikatoka bila kugeuka. Mpaka hapo mimi ni baba hodari, nani anabisha?

Nimefika kwenye kona ya ua, nikasikia kilio. Nikasimama. Kilio kikaendelea kidogo, kikakatika ghafla. Sasa hicho ndicho kilichonimaliza. Mtoto akilia unajua yuko hai. Akinyamaza je? Nikawaza kisima, nikawaza jiko, nikawaza jogoo wa Bi Tausi, ambaye ana tabia mbaya. Miguu ikanirudisha yenyewe nyuma ya ua.

Ua wenyewe ni wa matete, mnaujua. Nikatafuta upenyo. Nikaupata. Nikatia jicho.

Nikamwona mwanangu ameshika kipande cha muhogo, anamlisha mtoto mwenzake, kanzu yangu ameikalia kama malkia. Hana habari na mimi. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake kushona suruali. Mimi machozi yakanitoka. Nikasogea nimtazame vizuri zaidi, nikaegemea.

Sikujua kwamba upande huo huo wamekaa wageni wawili wa Bi Tausi, wanawake wa Gitaza, wamefungua vichwa wanasukana. Hawakuwa na ushungi. Na mimi ni mwanamume, sina nguo ya juu, nimetia jicho kwenye ua wa wanawake, ninalia.

"Kuna jicho hapa," mmoja akasema, polepole kabisa.

Mwenzake akachukua beseni la maji waliyooshea ndagala akalimwaga lote pale kwenye upenyo. Niliruka. Mguu wangu ulikuwa umenasa kwenye fito, nikaukamata ua ili nisianguke, na ua ukaona bora tuanguke pamoja. Nikaingia uani kwa Bi Tausi kifudifudi, juu ya matete, na ndagala wawili sikioni.

Wanawake wakavuta kanga vichwani. Yule wa beseni akanisimamia.

"Wewe nani?"

"Mimi baba wa mtoto."

"Mutoto gani?"

Nikanyoosha kidole. Watoto wote wakageuka kumtazama Zaituni. Mwanamke akamwuliza: "Mama, huyu unamujua?"

Zaituni akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Simjui," akasema. Akaipigapiga ile kanzu. "Baba yangu huyu hapa."

"Haya," mwanamke akasema. "Aitwe askari."

Jamani, askari mwenyewe ni yule ambaye suruali yake haina mguu mmoja mpaka saa hii. Angenitia kiboko mara mbili, cha jicho na cha suruali.

Ndipo Bi Tausi akatoka jikoni. Akautazama ua, akanitazama mimi, akamtazama Zaituni, aliyekuwa ametulia kwa mara ya kwanza katika siku nne. Nikafungua mdomo nijitetee. Akanikatiza.

"Huyu ni fundi wa ua," akawaambia. "Nilimwita mimi. Haya fundi, anza kazi."

Nikamwelewa. Nikijitambulisha kwa mtoto, atanirukia shingoni, atalia, na kwa Bi Tausi ndiyo basi. Nikaumeza ubaba wangu. Nikaanza kufunga matete kwa kamba za mgomba, mimi niliyezoea sindano, mbele ya wanawake wa Gitaza ambao sasa walikuwa wamekwisha kufahamu kila kitu, wanajiuma midomo.

"Fundi, hapa iko na tundu."

"Naliona, mama."

"Ndiyo. Wewe matundu unayaona sana."

Watoto wakaja kutazama. Zaituni naye akaja, anaburuta kanzu yangu mavumbini. Akaniletea kamba. Nilijikaza nisimtazame. Akachuchumaa, akaniwekea mdomo sikioni, lile lenye ndagala.

"Baba, nenda," akaninong'oneza. "Bibi amesema adhuhuri."

Kumbe alinijua tangu mwanzo. Mtoto wa miaka mitatu amenikana mbele za watu kwa sababu ya aibu, na sikuweza kumlaumu. Akarudi kukalia kanzu, akaendelea na muhogo.

Nikamaliza ule ua (umeinama kidogo, msipite kuutazama) nikaomba kanzu yangu. Bi Tausi akakataa. Ikiondoka kanzu, mtoto naye ataondoka. Basi nimekatiza mji mzima na shuka, ninanuka shombo, mbwa wawili wananisindikiza. Jumla ya watu walioniuliza "Fundi, kulikoni?" ni wote.

Nafika mlangoni, namkuta nani? Mama mkwe. Yule ambaye kwa heshima hata usoni simtazami, leo kaniona kifua wazi. Akajifunika uso wote kwa kanga. Nikajua sasa nasutwa kwa kile kifua cha jana. Lakini hakunisuta. Alinyoosha mkono kunizuia, na kutoka ndani ya kanga akaninong'oneza:

"Usiingie, baba. Amelala."

Nikachungulia kwa mbali. Kweli. Kichanga kimelala, na Mama Zaituni kando yake, mdomo wazi, anakoroma kama mwanamume. Nyumba nzima kimya. Nilisimama pale nikamsikiliza anavyokoroma, nikafurahi mpaka nikasahau ninanuka.

Ndiyo maana nimekuja kukaa nanyi hapa nje. Adhuhuri nitakwenda kumchukua Zaituni, akipenda kunijua. Nyinyi chekeni, ni haki yenu, ila shikeni midomo. Dirisha la Mama Zaituni ni hilo hapo.