Poda kabla ya pointi

Jamani, leo nimepata aibu ya kuhamia nchi nyingine. Mbele ya maprofesa watatu na familia nzima nisiyoijua, simu zao zikiwa juu zinanichukua video.

Acha niwaambie mwenyewe toka mwanzo, maana najua ile video itawafikia.

Mnajua nimepata diploma ya sekondari. (Poda mliyonimwagia siku ya matokeo bado inatoka masikioni, asanteni sana.) Tangu siku ile nyumbani kwetu Makomeno ni mabishano tu. Mimi nataka kusomea kilimo, na papa alikubali. Shida ni wapi. Vyuo vikuu vya serikali tulivyokuwa tunavifikiria ni vitatu: hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Papa anapenda Likasi, kwa sababu mdogo wake anakaa kule na atanichunga. Mimi nikamwomba aniache nichague mwenyewe. Akanitazama, akakohoa.

"Bon. Zungukia yote tatu. Siku ukimaliza, mangaribi unaniambia moja, na sababu. Kama sababu ni 'bamarafiki banaenda kule', njo miye nitachagua."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza. Likasi nilishafika: kumetulia, na mwalimu mmoja alinionyesha shamba lao la majaribio kwa furaha, utadhani ananionyesha mtoto wake mchanga. Kolwezi nilishafika pia. Kule kila niliyemwambia kilimo alinishauri nisomee migodi. (Hata muuza maandazi.) Lubumbashi nilikiacha mwisho kwa sababu ni nyumbani, na cha nyumbani mtu hudhani anakijua.

Nikavaa shati jeupe, nikajiona mkaguzi. Nikakagua maktaba. Nikakagua mbao za matangazo, mikono nyuma. Kufika upande wa kilimo nikakuta mama wengi kwenye korido, wamevaa vitenge vya namna moja, wana maua na keki. Ilikuwa siku ya défense: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatetea kazi yake mbele ya jopo la maprofesa, na pointi zikitangazwa familia inamwagia poda.

Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia profesa mmoja akiuliza: "Nkambo mumoja kule Lukafu, hajue kusoma. Hii kazi yako itamusaidia nini ku shamba yake?"

Nikasimama pale pale. Nkambo wangu mimi, yaani babu yangu mzaa papa, analima mahindi Lukafu. Kila mwaka analalamika kwamba udongo umechoka, na kila mwaka tunamwambia pole. Ndiyo maana nataka kusomea kilimo, ingawa papa sijawahi kumwambia. Nikaingia.

Kulikuwa kumebaki kiti kimoja, katikati ya wale wenye vitenge. Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akanipima toka juu hadi chini.

"Weye ni wa kwetu?"

"Ndiyo, mama." (Nilitaka kiti tu.)

"Wa upande gani?"

"Upande wa... papa."

"Ah. Njo maana hatujuane." Akatoa kopo la poda kwenye mkoba, jipya, kubwa, akanitia mikononi. "Miye magoti inauma. Weye utakimbia. Ukiona bantu banasimama, unamumwangia yote. Usibakishe."

Nikashika kopo langu. Mwanafunzi mwenyewe aliitwa Nadège, suti nyeusi imenyooka, na alikuwa anajibu vizuri sana. Alieleza jinsi kunde zikipandwa katikati ya mahindi zinavyoirudishia ardhi nguvu, kwa maneno ambayo hata nkambo angeyaelewa. Nikasahau kwamba nimekuja kukagua. Nikawa natikisa kichwa kwa fahari, ndugu kabisa wa upande wa papa.

Kisha mwenyekiti wa jopo, mzee wa miwani, akakusanya karatasi zake. Akasema maneno machache ambayo sikuyafuata, nilikuwa nafungua kopo. Akasimama. Wenzake wakasimama. Chumba kizima kikasimama.

Mimi nikakimbia.

Nilimwaga yote. Nadège akawa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Nikapiga vigelegele vile virefu, vya harusini, na nilipovuta pumzi nikagundua kwamba napiga peke yangu.

Pointi zilikuwa bado. Maprofesa walikuwa wanatoka kwenda kujadiliana, na watu walisimama kwa heshima tu.

Poda ikatua polepole kwenye joho jeusi la mwenyekiti. Nadège akafungua macho katikati ya ule weupe.

"Weye ni nani?"

"Ni wa upande wa papa," akajibu yule mama nyuma yangu.

Papa wa Nadège naye akanitazama vizuri. "Wa kwangu? Hapana."

(Hapo ndipo simu zilipopanda.)

"Mademoiselle," akasema mwenyekiti, "uko mu promotion gani, mwaka wa ngapi?"

"Sina, papa profesa. Sijaandikishwa bado. Niko nachagua université."

"Unachagua. Kati ya hapa na wapi?"

"Likasi na Kolwezi."

Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. "Na hapa kwetu umeona nini?"

Uongo wangu wa leo ulikuwa umekwisha wote, ikabaki kweli. "Kule nako banafundisha, papa. Lakini ni hapa njo nimesikia mutu anauliza juu ya nkambo wa Lukafu. Na miye nkambo yangu iko Lukafu, udongo yake imechoka."

Akajipangusa bega. "Bon. Tuende tuone kama hii poudre imekuya mapema ao imekuya bure."

Wakatoka. Nilitamani kukimbia, lakini yule mama wa mkoba alikuwa ameshahamia mlangoni. Nikakaa karibu na Nadège. Nilimwonea huruma kweli. Miaka yote ile ya kusoma, halafu mtu asiyemjua anamletea mkosi.

"Bakininyima pointi, nitakutafuta," akaniambia.

"Niko Makomeno."

Akacheka, poda ikaruka.

Wakarudi. Mwenyekiti akasoma, na joho lake bado lina madoa: grande distinction, yaani daraja la juu sana. Chumba kikalipuka. Mama mwenye mkoba akainua lile kopo tupu, akalitikisa, akaniangalia vibaya.

"Sasa tutamwanga nini?"

Nadège akachota poda begani mwake mwenyewe. Akanipaka kichwani, pole pole. "Na weye pia, mapema."

Nimerudi nyumbani hivyo hivyo, kichwa cheupe, watu wananipongeza njiani kwa mambo wasiyoyajua. Papa alikuwa amekaa nje, simu mkononi.

"Papa, sababu niko nayo," nikaanza.

"Nimeisikia. Ku video. Nimeirudilia hata batri imekwisha." Akageuza uso, akajifanya anatafuta chaja. "Nimeituma Lukafu, ku simu ya jirani wa nkambo."

Basi nimechagua, na papa amekubali. Ni hapa hapa Lubumbashi. Tafadhali msinicheke, wenzenu wameshatangulia: kujiandikisha bado, na kule chuoni tayari naitwa Mademoiselle Poudre.