Cheti Namba Moja cha Kukamua Nanasi

Wananchi wa wilaya ya Agbodji walitangaziwa, Jumatatu saa nne asubuhi, kwamba kuanzia dakika hiyo juisi ya nanasi itakamuliwa majumbani kwa mujibu wa sheria. Kabla ya hapo ilikuwa ikikamuliwa tu.

Tangazo lilisomwa redioni na Bwana Anicet Houénagnon mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Vinywaji vya Kaya. Idara hiyo ilikuwa na umri wa wiki tatu, meza mbili na mhuri mmoja mpya. Mkurugenzi alisoma kwa dakika arobaini bila kunywa hata maji. Alieleza kwa masikitiko kwamba ukamuaji katika nyanda zetu unafanyika kiholela, bila dira, bila mwongozo na bila takwimu. Mama anaweza kumenya nanasi mchana kweupe, akaliponda, akalichuja kwa kitambaa, akatia tangawizi na ndimu, akawapa wageni wake wakanywa wakashukuru, na taifa lisiwe na habari.

Bwana Anicet hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa jijini Cotonou, akasomea Cotonou, na tangu utoto alikuwa akiletewa juisi ikiwa tayari ndani ya glasi. Hakuona sababu ya kuuliza ilikotoka. Ndiyo maana wakubwa walimwona anafaa. Hakuwa na mazoea mabaya ya kazi hiyo. Naye aliipokea kwa moyo wote, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa kwamba Agbodji ikitulia, atarudishwa Cotonou kwenye ofisi yenye zulia.

Waraka wake ulikuwa na vifungu thelathini na kimoja. Kifungu cha tatu kilisema hakuna atakayegusa nanasi kwa nia ya kulikamua pasipo Cheti cha Ukamuaji wa Kaya, kinachopatikana kwa mtihani. Kifungu cha tisa kilisema ukamuaji ufanywe kwa mikono mitupu iliyonawiwa mara tatu, kwa sababu glavu huficha nia. Lakini kipenzi cha Mkurugenzi kilikuwa kifungu cha kumi na nne: kaya isiyo na cheti haitaachwa na kiu, bali ikijaza fomu, itatumiwa afisa mwenye cheti, aje akamue bure, kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo kaya itachagua.

"Hiki ndicho kitakachowaliza watu machozi ya shukrani," alimwambia karani wake, Codjo Lokossou.

"Na wakiomba kweli, Mkurugenzi?"

"Lokossou, unawajua watu wako. Nani atajaza fomu ya kurasa nne kwa ajili ya juisi?"

Lokossou, ambaye alizaliwa hapohapo Agbodji na kunyonyeshwa hapohapo, alisema ndiyo Mkurugenzi, akaenda kurudufu fomu.

Mtihani ulifanyika Jumamosi katika shule ya msingi. Walikuja wanawake mia mbili na kumi na wawili, na wanaume watatu waliosindikiza wake zao. Lokossou hakufanya, alikuwa na mafua. Wasiojua kusoma waliulizwa kwa mdomo na Mkurugenzi mwenyewe, na wa kwanza alikuwa Nan Houéfa, bibi wa miaka sitini na minane. Nan ndivyo sisi tunavyomwita mama mtu mzima. Juisi yake ilikuwa imelainisha ugomvi wa mashamba, misiba na harusi za nusu ya wilaya.

"Nan," alisema Mkurugenzi, kalamu mkononi, "nanasi bivu lina rangi gani?"

"La wapi?"

"Nanasi. Nanasi kwa ujumla."

"Mwanangu, la kwa ujumla halimenyeki. Nipe moja nilishike."

Mkurugenzi alimwonyesha picha ukutani. Ilikuwa ya nanasi la manjano, la manjano kabisa, lililopigwa picha katika nchi nyingine na watu wenye taa nyingi. Nan Houéfa alilitazama kwa huruma.

"Hili la kwetu, mwanangu, huiva likiwa kijani. Nyama yake nyeupe, tamu kama sukari, lakini ngozi kijani vilevile. Ukilingoja liwe manjano litaoza, utakuwa umewawekea mbuzi. Unalinusa tako, unaligonga kwa kidole. Likiitika kama tumbo lililoshiba, limeiva."

"Kwa hiyo jibu lako ni kijani."

"Jibu langu ni nipe nilinuse."

Mkurugenzi aliandika sifuri kwa wino mwekundu. Akaandika sifuri nyingine mia mbili na kumi na nne, maana wote walisema kijani, jambo lililomthibitishia kwamba ujinga ulikuwa umeenea kuliko alivyohofia. Ili kuonyesha mfano naye alifanya mtihani, akajisahihishia, akapata mia kwa mia, kisha akajipunguzia alama mbili kwa ajili ya unyenyekevu. Jumapili ilipoisha, Cheti Namba Moja kilikuwa kimewekwa kwenye fremu na kutundikwa nyuma ya kiti chake. Cheti namba mbili hakikuwepo.

Jumatatu Nan Houéfa aliingia ofisini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea.

"Mkurugenzi, nimekuja kuomba. Jumamosi hii mjukuu wangu Fifamè anatolewa mahari. Nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Wakwe wanatoka Ouidah, watu mia mbili, wana mizigo yao na wana midomo yao. Mkwe akiondoka kwangu na koo kavu, neno hilo litakaa kwenye ukoo miaka thelathini. Mtoto atalisikia kila akikosea chumvi."

"Nakuelewa sana, Nan. Utaratibu unaruhusu kurudia mtihani baada ya miezi sita."

"Miezi sita!"

"Na nusu, ukihesabu uhakiki."

"Yaani siku ya mjukuu wangu nikae mikono mapajani, niwatazame watu wanameza mate?"

"Waraka haukatazi maji."

Nan Houéfa alitazama sakafu. Mkurugenzi alichukua karatasi nyingine kuonyesha kwamba mazungumzo yamefikia tamati yenye tija. Ndipo Lokossou, akiwa ameikazia macho dari, aliposema taratibu:

"Nan, kuna kifungu cha kumi na nne."

"Naam!" Mkurugenzi aling'aa. Hakuna kitu kitamu kama kusikia maneno yako yakitoka kinywani mwa mwingine. "Serikali haijakusahau. Jaza fomu, siku unayotaka afisa mwenye cheti atafika nyumbani kwako akukamulie. Bure!"

"Afisa yupi huyo?"

Lokossou, kwa adabu zote, alihamisha macho kutoka darini hadi kwenye ile fremu.

Bibi alifuata macho yake, akaitazama fremu, akamtazama Mkurugenzi, kisha mikono ya Mkurugenzi, ambayo ilikuwa laini kama ya bwana harusi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaegemea kiti.

"Haya, mwanangu. Nipe fomu. Nipe na za majirani."

Hadi Jumatano saa sita fomu arobaini na moja zilikuwa mezani, kila moja kurasa nne, zote zimejazwa, zote zikiomba siku moja: Ijumaa. Kwa chini zilikuwa na maelezo yaleyale kwa mwandiko uleule, ambao ulifanana kidogo na wa Lokossou: kwamba ili kuipunguzia serikali mwendo, mananasi yote yatakusanywa uani kwa Nan Houéfa.

Mkurugenzi alicheka. Kisha akasoma tena, akaacha kucheka, akampigia simu Mkuu wa Mkoa kupendekeza kifungu hicho kisitishwe kwa muda ili kupisha tafakuri.

"Kisitishwe?" Mkuu wa Mkoa alishangaa. "Jana nimekisifu mbele ya waandishi wa habari. Nimesema kifungu cha kumi na nne ni wazo langu. Na hiyo mahari ya Jumamosi nimealikwa, nakuja na mpiga picha. Anicet, ukifanikiwa, tumefanikiwa. Ukishindwa, nitasema nilidanganywa."

Basi Ijumaa alfajiri Mkurugenzi alifika uani kwa Nan Houéfa akiwa na suti, kisu kipya na Lokossou. Mananasi yalikuwa yamepangwa hadi kiunoni mwa mtu. Kando yake, kwenye vigoda, walikaa wanawake arobaini na mmoja, mikono mapajani, wametulia kama wako kanisani. Hawakugusa hata ganda. Kifungu cha tatu kilikuwa wazi. Lakini waraka haukukataza kusema.

"Karibu, Serikali!"

"Vua koti, Serikali, juisi haili rushwa."

"Hapana, hapana, anza na kichwa! Kata kichwa, kata tako, lisimamishe!"

Mkurugenzi alilishika la kwanza kama mtu anayeshika nungunungu. Majani yalimchoma. Alimenya upande mmoja, akaona kazi imekwisha, akageuza, akaona kazi nyingine.

"Macho, Mkurugenzi! Umeacha macho!"

Akakodoa macho.

"Ya nanasi, baba, si yako!"

Kicheko kilipanda hadi kwenye mabati. Akaanza kuchokoa macho ya nanasi, moja moja, na kila nanasi lilikuwa na macho kama kijiji kizima dirishani. Kisha kukata vipande, kutoa moyo mgumu, kutwanga kinuni, kumimina kitambaani, kusokota. Hadi saa nne alikuwa amemaliza kumi na mawili. Utomvu wa nanasi ni mtulivu, hauna haraka. Huanza kwa kuwasha, ukaendelea kwa kuuma, halafu ukala. Kufikia adhuhuri vidole vyake vilikuwa vyekundu, ngozi ya ncha imechujuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

"Lokossou," alisema kwa sauti ndogo, "tafuta glavu."

Lokossou alifungua waraka. "Kifungu cha tisa, Mkurugenzi. Mikono mitupu. Glavu huficha nia."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

"Jina lako liko hapa chini. Na mhuri."

Jua lilipoinama, Nan Houéfa aliinuka kigodani na bakuli la mafuta ya mawese. "Nyoosha mikono," alisema. Mkurugenzi alinyoosha kama mtoto, akapakwa kidole kwa kidole. Hakushukuru, kwa kuwa alikuwa akilia, na afisa akilia hawezi kuzungumza kwa niaba ya idara. Bibi alimfuta mikono kwa pindo la kitenge, akamwonyesha rundo. "Yamebaki themanini na matano."

Jumamosi wakwe wa Ouidah walifika na ngoma, na glasi zikapita. Juisi ilikuwa ya kijivu, ina nyuzi, na ndani yake yalielea macho yaliyokuwa yamemtoroka Mkurugenzi. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzito mwenye kofia ya heshima, alipiga funda moja. Fifamè alishika pumzi.

"Nani amekamua hii?"

"Serikali," alisema Nan Houéfa.

"Imeonekana," alisema mjomba, akaiweka glasi chini taratibu. Halafu akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, na upande wa pili ukadakia, wakacheka hadi ngoma zikasimama. Mahari ikapokewa kwa furaha kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Aliyekunywa glasi nzima ni Mkuu wa Mkoa peke yake, kwa kuwa kamera ilikuwa imemwelekea.

Jumatatu Mkurugenzi aliitwa Cotonou. Si kwa ajili ya zulia. Serikali ilikuwa inahesabu watumishi wake kwa alama za vidole ili kuwafichua wafanyakazi hewa, na zamu ya Agbodji ilikuwa imefika. Alipanga foleni kwa saa tatu, akaweka kidole cha shahada kwenye kioo cha mashine. Mashine ikawaza. Akaweka gumba. Akaweka vyote kumi, kimoja kimoja, ncha zake zikiwa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja.

"Hupo," alisema karani wa dirishani.

"Kijana, mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Vinywaji vya Kaya!"

"Wote wanasema ni wakurugenzi, mzee. Hewa haijawahi kuniambia ni mfagizi."

"Nimemenya mananasi! Nanasi limekula alama! Zitarudi!"

"Zikirudi, na wewe urudi. Kukata rufaa kuna fomu." Karani alimsogezea karatasi. "Weka alama ya kidole hapo chini."

Barua kutoka Cotonou ilifika Agbodji Alhamisi. Lokossou aliisoma kwa sauti barazani mwa ofisi, mbele ya Nan Houéfa na majirani zake. Ilisema kwamba mtumishi aliyetajwa amebainika kuwa hewa. Kwamba saini ya hewa ni hewa. Na kwamba waraka wowote uliotolewa naye uhesabiwe kuwa haukuwahi kutolewa.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kukamua?" aliuliza Nan Houéfa.

"Nan, kwa mujibu wa barua hii, hukuwahi kukatazwa."

"Na yule baba aliyekuja na kisu?"

Lokossou aliangalia tena, asije akapotosha. "Hakuwahi kuwepo."

Bibi aliinamia barua.

"Basi nani aliyeniharibia mananasi yangu?"

Lokossou aligeuza barua, akatazama nyuma, akairudisha mbele. Waliisoma pamoja kutoka juu hadi kwenye mhuri, na haikuwa na kifungu cha hilo.