Kitabu Kinachorudisha Watu Kwao

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimepata kitabu! Constance, jirani wa mlango wa pili, amekileta asubuhi, mzigo wake tayari kichwani. Anarudi Kongo. Mtu aliyeapa mbele ya korali nzima kwamba harudi ng'o! Nikamuuliza nini kimembadilisha. Akacheka tu. Akasema, "Mama Sonia, soma, utacheka mpaka tumbo ikuume."

Ni insha za bwana mmoja aliyeishi Ulaya miaka ishirini, kisha akarudi kijijini kwao. Anasalimia ng'ombe kwa Kifaransa. Anaenda shambani na soksi nyeupe. Mama yake anamwekea kiti cha wageni, naye anakaa hapo, anaona haya kuomba kigoda chake cha zamani. Hapo nilicheka sana, kisha nikakuta macho yamelowa.

Nimesoma chote siku moja, ila ukurasa wa mwisho. Huo nautunza, kama kipande cha nyama ninachokiacha pembeni mwa sahani.

Karatasi ya nyuma ina majina ya waliosoma. Kila mtu jina lake, na kwao. Sisi wakimbizi hatuwezi kuona mstari mtupu tusiandike kwetu.

Pacifique, mume wangu, angecheka. Yuko Mbarara, anapakia magodoro kwenye duka la Mzee Nasur. Hajaja hapa kambini Nakivale tangu kabla ya Noeli. Sonia ana mwaka na miezi saba. Koti la baba yake limetundikwa kwenye msumari. Sonia analiita "papa". Asubuhi analisalimia.

Jumatano, 6 Machi

Jana nilimwazima kitabu mzee Kayumba, yule anayesema amekwisha chagua fasi ya kaburi lake hapa hapa. Leo mlango wake umefungwa. Majivu bado ya moto. Kuku wake wanazunguka nyumba. Majirani wanasema ametoka alfajiri na kifurushi, anacheka peke yake. Kitabu nimekikuta juu ya kidumu changu cha maji.

Nimehesabu majina. Kumi na mawili pamoja na lake. Wote wamerudi kwao! Nikampigia Constance. Simu ikapokelewa. Kicheko. Nyuma yake maji yanapiga ufuko. Ikakatika.

Saa sita mchana nikasikia kicheko kile kile ndani ya nyumba tupu ya Constance. Nikaingia na mchi wa kutwangia majani ya sombe mkononi. Hakuna mtu. Kigoda kimoja katikati ya chumba, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi.

Nilikimbia! Lakini katikati ya kukimbia akili ikanijia. Kitabu hiki kinarudisha watu nyumbani. Basi si kitanirudishia Pacifique?

Alhamisi, 7 Machi

Nimeona nijaribu kwanza kwa Perpétue, Mama Ushindi. Ndiye aliyeninyang'anya kuanzisha nyimbo katika korali. Vidumu vyake viko mbele ya vyangu kwenye bomba kila siku ya Mungu. Akirudi kwao, sitalia.

Mimi mwenyewe nikamwandikia jina lake, kwa heshima: Perpétue, Mboko, Fizi. Sisi sote ni wa Mboko, kando ya ziwa. Akasoma mlangoni kwake mpaka saa tisa. Sikusikia hata kicheko kimoja.

Akanirudishia. Jina lake amelifuta kwa mistari mitatu! Anasema ameacha ukurasa mmoja, maharagwe yalikuwa yanaungua. Maharagwe gani? Sikusikia harufu. Kisha mbele ya wanawake wote wa bomba: "Mama Sonia, naona nimekuchosha hapa. Rudi weye kwanza, utuambie kama njia iko muzuri!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Jumamosi, 9 Machi

Mbarara! Sonia mgongoni, kitabu kifuani, gari kutoka kituo cha Rwekubo. Mzee Nasur akanipokea vizuri. Anasema, "Madamu, bwana yako iko na nguvu mingi, lakini moyo yake haiko kwa magodoro."

Pacifique amekonda. Akambeba Sonia. Sonia akalia, anatafuta koti. Hapo Pacifique akageuka ukutani kidogo. Anasema anaona haya kuja mikono mitupu. Nikamwambia hiyo mikono ndiyo tunayoitaka.

Basi nikampa kitabu. Nikamwandikia jina kwa mwandiko wangu bora, ule wa darasa la tano, bila kufikiri mara mbili. Nikamwambia asome mpaka neno la mwisho. Nilipokuwa mlangoni alikuwa amekwisha anza kucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee Nasur amepiga simu! Pacifique amemaliza kitabu jana. Amecheka, amenawa miguu, amekunja blanketi, amesema, "Naenda nyumbani." Amepanda basi.

Nimecheza nyumba nzima na Sonia! Nimechinja jogoo. Nimepaka ukuta udongo mpya. Perpétue alipopita nikaanzisha wimbo wa korali kwa sauti ya juu kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Hajafika. Kutoka Mbarara mpaka hapa mtu hatumii siku tatu, hata akitembea kwa magoti. Jogoo ameharibika.

Nikapiga simu yake. Ikapokelewa. Kicheko. Maji yanapiga ufuko. Ni kicheko chake, nakijua kabisa. Nikaita, "Papa Sonia, uko wapi?" Ikakatika.

Halafu nikakaa chini kwa ghafla. Nilichoandika Mbarara! Pacifique, Mboko, Fizi, Kivu ya Kusini. Miaka sita naandika hivyo. Ofisini hivyo, kwenye rasheni hivyo, hata kwenye ubatizo wa Sonia. Wakiuliza kwenu wapi, mkono unakwenda peke yake. Nyumbani nimemrudisha, kweli. Nyumba ndiyo siyo.

Ijumaa, 15 Machi

Perpétue amekuja na sahani ya sombe! Anatabasamu meno yote. Anasema Mzee Nasur alimpa dereva kitabu, na yeye Perpétue amekipokea Rwekubo aniletee, ili nisihangaike na mtoto. Ameniita "dada yangu". Akaenda haraka.

Mpango mpya uko wazi. Nafuta Mboko, naandika Nakivale. Pacifique anageuza njia, kwisha.

Nikafungua karatasi ya nyuma. Chini ya jina la Pacifique kuna mstari mwingine, wino bado unang'aa. Yvette na mtoto Sonia. Mboko, Fizi. Ni mimi na mwanangu! Huo mkia kwenye herufi Y naujua, ni wa Perpétue!

Lo, ameniona mjinga! Mtu hashikwi mpaka amalize, na mimi ukurasa wa mwisho sijausoma. Nimefuta majina yetu kwa mistari minne, mmoja zaidi ya yake. Nimemwandikia Pacifique Nakivale kwa herufi kubwa.

Ila lazima nihakikishe kitabu bado kina nguvu. Nitasoma ule ukurasa nusu tu. Hata Perpétue aliweza kuacha, sembuse mimi.

Mstari wa kwanza unachekesha kweli!

Koti haliko kwenye msumari. Sonia amekaa mlangoni, anacheka. Amevaa viatu. Sijui nani amemvalisha.

Mstari mmoja mwingine tu.