Habari Kuu ya Fébronie Aliyekalia Ndoo ya Baraza

Sogeeni, enyi wenye viti na enyi wa kuchuchumaa! Enyi mlio kwenye foleni ya maji, acheni jerikeni zenu ziwalindie nafasi, mje. Enyi mliotumwa chumvi sokoni huko Base Camp, chumvi haiozi. Nawasimulia habari ya Fébronie, mama yake Doriane, Fébronie mwenye shavu lililovimba kama andazi ndani ya mafuta, ambaye bila mkuki, bila ngao, na bila hata kufungua mdomo vizuri, alilizuia baraza zima lisiuze silaha nje ya kijiji kiholela. Nawe Jino, ewe uliyeng'olewa Mbarara ukatupwa peke yako kwenye kopo la taka, nikumbushe nisiruke kitu.

Ijulikane kwanza kwamba kijiji chetu cha Warundi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kinatazamana na kijiji cha Wakongomani wa Kivu Kusini, na katikati kuna bonde jembamba lenye matope. Sisi na wao ni mataifa mawili ya urafiki: kisima ni kimoja, soko ni moja, na wakimwoza binti yao sisi ndio tunaomaliza wali. Na ijulikane pia kwamba nyuma yao, juu ya kilima chenye miiba, lilikuwa limepiga kambi jeshi la tumbili, askari wasiolipwa mshahara na wasiokwenda likizo, waliokuwa wakishuka kila asubuhi kuteka mahindi ya wenzetu na kurudi mlimani jioni mashavu yamejaa.

Kwetu sisi aliishi Libère, fundi wa manati, Libère mwenye vidole vyeusi, ambaye kutoka mpira wa ndani wa pikipiki chakavu na panda ya mpera hutengeneza silaha ya kutisha. Jiwe likitoka kwenye manati yake haliulizi njia. Wakongomani wakamtuma balozi wao, Papa Appolinaire, mtu wa viatu vinavyong'aa, akaagize manati za kijiji kizima, malipo yakiwa unga wa muhogo.

Lakini baraza letu lina sheria, iliyotungwa tangu mkuki wa mtu fulani ulipouzwa nje asubuhi ukarudi jioni ndani ya mbuzi wetu. Mtu asiuze silaha nje ya kijiji, hata kwa rafiki, mpaka alete ndoo ya impeke, ile pombe yetu ya mtama, na kutangaza mauzo mbele ya wajumbe. Wajumbe hunywa kwa mirija, wote kutoka ndoo hiyo moja, kama babu zetu walivyokunywa mtungini. Aliyeweka mdomo kwenye mrija amekubali. Mwenye kupinga hupinga kabla hajaonja. Na ndoo ikikauka, mjadala umekwisha, silaha zinakwenda.

Basi Libère, mjanja kuliko wajanja, aliwaita wajumbe uani kwake jua likiwa kali, akatanguliza ndoo, maneno akayaweka nyuma. Tena ndoo yenyewe ilikuwa ile ndogo ya rangi, na mirija yake minene! Mzee Valentin, mwenyekiti wetu, aliyetoka kanisani na kiu ya mahubiri marefu, akavuta. Wajumbe wakavuta. Mimi nilikuwa kando nachambua maharage, nikaona mashavu yote yanaingia ndani kwa pamoja. Hata walipofuta midomo, ndipo Libère akasimama na kunena:

"Wajumbe waheshimiwa, nguzo za kijiji! Rafiki zetu wanalia. Je, tutakaa na manati zetu mifukoni, wao wakiliwa mchana kweupe? Naleta kwenu mauzo ya manati. Nadhani hakuna neno, maana naona wote mmekwisha kunywa."

Wajumbe wakatazamana. Mzee Valentin akauangalia mrija wake kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

"Libère, umetunywesha kabla hatujasikia!"

"Mzee wangu, nani alikushika kichwa?"

Ndipo ikaonekana kwamba mdomo mmoja tu ulikuwa mkavu. Fébronie, naye mjumbe, alikuwa amerudi kutoka mjini Mbarara, alikong'olewa jino la kushoto, na mganga wa meno alimwonya: "Nyabo, wewe hapana vuta mrija wiki mzima. Ukivuta, damu itatoka mingi sana." Kwa hiyo hakuonja. Naye ndiye mwenye shamba la mwisho, pale kwenye ukingo wa bonde, lenye mahindi ambayo yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa. Mahindi yale ndiyo yangekuwa sufuria ya Doriane na wadogo zake mpaka mvua nyingine.

"Mimi sijanywa," akasema Fébronie kwa upande mmoja wa mdomo. "Na nina swali."

"Uliza, mama," akasema Libère, akiwasukumia wenzake mirija. "Lakini uliza haraka. Jamani, kunyweni, kunyweni, inachacha!"

Wakavuta, maana kiu haina baraza. Nikasikia chini ya ndoo ile sauti ambayo kila mnywaji huijua, mrija ukikoroma kwa kukaribia mwisho. Mjadala ulikuwa umebakiwa na pumzi chache. Na Fébronie, ambaye kila neno lilimchoma kama sindano, alijua hawezi kushindana na mirija kwa maneno. Akainuka. Akaichomoa mirija kama mtu anavyong'oa magugu. Akatwaa kifuniko cha ndoo, akakibana, na juu yake, enyi wasikilizaji, akakaa.

Hata kuku wa Libère alisimama na mguu mmoja juu.

"Mama Doriane," akasema Mzee Valentin taratibu, "umekalia mjadala."

"Ndiyo. Haujaisha."

Hapo ukaanza mzingiro mkuu wa vita. Libère akambembeleza, akamtisha, akamwita adui wa amani. Appolinaire, balozi wa viatu, akasimama mbele yake na mikono kifuani.

"Mama yangu, siye na nyiye tuko ndugu! Batumbili banatumaliza. Banakula mahindi, banatuangalia mu macho, banacheka. Utanyima ndugu yako kamanati tu?"

"Nikiwapa manati, tumbili wataenda wapi?"

"Batakimbia, mama! Batapotea!"

"Watapotea fasi gani?" akauliza Fébronie, akitumia neno lao la mahali ili Appolinaire asije akasema hakuelewa.

Appolinaire akakohoa. "Mama, ile silaha ni nzuri sana. Bibi yangu Constance iko nayo moja tayari, hata jana alimupiga mmoja mu mkia..."

Akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baraza likaruka kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Manati moja ilikwisha kuvuka bonde! Kabla ya tangazo! Kabla ya ndoo!

"Ni sampuli!" akalia Libère. "Mteja haonji? Kwani hata sabuni hamnusi kabla ya kununua?"

Mjumbe mmoja akataka apewe kiti cha kumrushia. Fébronie peke yake hakuinuka, kwa kuwa angeinuka, ndoo ingebaki bila mlinzi. Akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo, ambako kila mtu aliweza kuwaona tumbili wakipita katika mahindi ya wenzetu kama wakaguzi wa serikali.

"Mpigie mkeo simu. Arushe sasa hivi. Sisi tutazame."

Appolinaire akapiga, akaweka sauti kubwa. "Constance, rusha kamoja!"

"Sasa? Niko naosha masahani!"

"Rusha, bibi! Baraza yote inakuangalia!"

"Waambie basi baangalie muzuri!"

Tukamwona Constance, mdogo kama punje kwa umbali ule, akitoka mlangoni kwake juu ya mteremko. Akavuta. Hatukuliona jiwe. Tuliliona jeshi: tumbili waliruka wote kwa pamoja, na kwa kuwa Constance alisimama juu, wao wakakimbilia chini. Wakashuka mteremko, wakapita matope bila kuuliza, wakapanda upande wetu, na moja kwa moja, kama wageni walioalikwa, wakaingia kwenye shamba la Fébronie. Mmoja mnene akavunja hindi bichi, akakaa kwenye jiwe la mpaka, akaanza kulimenya.

Machozi yalimtoka Fébronie jicho moja, upande wa jino, na mpaka leo sijui ni jino au ni hindi.

Mwishowe vijana wakawafukuza kwa makopo na kelele. Wajumbe wakageuka wakali. "Mauzo yafe!" wakapiga kelele. Lakini midomo yao ilikuwa na pombe, nayo sheria haisikilizi mdomo uliolowa. Uamuzi wote ulikuwa umekaa juu ya ndoo, ndani ya kitenge cha Fébronie. Angesema hapana, manati zingelala. Akawatazama wale wa ng'ambo. Constance alikuwa ameegemea mlango, na watoto wake walikuwa wanaokota mabua yaliyovunjwa.

"Wauziwe," akasema.

Libère akaanza kucheza. Fébronie akainua mkono.

"Wasimame chini. Bondeni. Migongo kwetu, nyuso mlimani. Anayerusha kutoka juu, manati yake irudi."

"Bondeni?" Appolinaire akaangalia viatu vyake. "Mama, fasi ile ni matope mpaka mu magoti!"

"Ndiyo."

"Na asubuhi kuko baridi!"

"Ndiyo."

Appolinaire akaangalia mlima, akaangalia viatu, akaangalia ndoo na yule aliyeketi juu yake, akajua hatashinda. "Tunakubali," akasema, kwa sauti ya taifa lililopoteza jimbo.

Hapo Fébronie akainuka, polepole, miguu imekufa ganzi, akafungua kifuniko. Impeke iliyobaki ilikuwa imechemka kwa joto la siasa, ikatoa povu. Wakainywa mpaka ndoo ikalia, na sheria ikapita. Yeye hakupata hata tone.

Na kesho yake, jua likichomoza, Fébronie alisimama ukingoni mwa shamba lake. Kule chini, katika matope, walikuwa wamejipanga Wakongomani wote, suruali zimekunjwa, na Papa Appolinaire katikati yao, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba. Nyuso hakuziona hata moja. Aliona migongo. Mawe yakaruka kwenda juu, na jeshi la tumbili likapanda mlima likitukana, likapotelea kwenye miiba.

Wafalme wamesifiwa kwa kuteka miji. Sifuni basi, enyi mliosikia, makalio yaliyolinda bonde zima! Naye, mshindi wa siku ile, hakungoja tarumbeta. Mahindi yalipokomaa alichuma moja, akalichoma kwenye makaa, akawagawia watoto, na kipande kilichobaki akakitafuna mwenyewe, upande wa kulia.