Kanuni Fupi ya Kumwondoa Tabasamu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata njia. Kiti cha makamu mwenyekiti wa Chama cha Madaktari wa Familia kiko wazi, na tunaokitaka ni wawili tu: mimi na Tabasamu. Jina lake halisi wenzetu wameshalisahau. Anacheka na kila mtu, anauliza hali za watoto wa watu, anabeba viti mkutano ukiisha. Watu wanampenda. Inachosha!

Lakini ana doa. Anamtibu mama yake, mkewe, mashemeji, ukoo mzima. Chama kimekuwa kikinung'unika miaka kwamba daktari asiwatibu watu wake wa nyumbani. Mama yako huwezi kumuuliza yanayopaswa kuulizwa, na yeye hakwambii yanayopaswa kusemwa. Basi, tuifanye kanuni! Na kwa katiba yetu, anayekiuka kanuni hashiki uongozi. Niko kwenye kamati ya kanuni, kalamu ni yangu. Tabasamu kwisha.

Nilipomweleza mke wangu mezani, aliuliza dawa za presha za mama yake anaziandika nani. Nikasema hilo ni jambo jingine. Akauliza jingine kivipi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Kabla sijamwondoa Tabasamu, lazima nijisafishe. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba kuanzia sasa atafute daktari mwingine.

Akauliza amenikosea nini. Nikamweleza habari ya maadili ya taaluma, kamati, mkutano mkuu. Alisikiliza yote, halafu akauliza tena amenikosea nini. Akasema atawaambiaje majirani, kwamba mkwe aliyempa binti yake amemfukuza kwenye zahanati? Roho iliniuma kweli. Nilitaka kusema basi, mama, yaishe. Nikajikaza. Uongozi una gharama zake, na leo gharama imelipwa na mama mkwe.

Alinisindikiza mpaka mlangoni bila kuniita mwanangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kamati. Chumba kile kile chenye feni inayopiga kelele bila kuleta upepo, na picha ya moyo wa binadamu iliyobanduka pembeni. Mwenyekiti wetu, Mama Kengele, alikuwepo. Tunamwita hivyo kwa sababu haachi kengele yake ya mezani, hata akienda kunywa chai.

Hoja yangu imepita, lakini Mama Kengele amesema ni ndefu kama foleni ya Jumatatu asubuhi. Nikaipunguze. Hilo dogo. Ushindi mkubwa ni huu: nimependekeza kwamba maandishi yakishatumwa kwa wanachama, mkutano mkuu usibadilishe hata neno. Wapitishe au wakatae, basi. Namjua Tabasamu. Angesimama na meno yake yote na kuomba tuongeze kijisentensi cha huruma, eti isipokuwa mama mzazi, eti isipokuwa kijijini, na kanuni yangu ingebaki mifupa.

Imekubaliwa! Na Tabasamu mwenyewe, naye mjumbe wa kamati, ameiunga mkono. Maskini. Ameshika kamba, na kitanzi hakukiona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda na kalamu. Nimefuta "kwa namna yoyote ile." Nimefuta "iwe kwa malipo au bila malipo." Ikabaki sentensi moja safi, nikaisoma kwa sauti nikitembea sebuleni. Bado ilikuwa na mkia. Nikafuta na "yake" ya mwisho. Familia ya nani tena, kama si yake?

Mke wangu ni mwalimu wa lugha. Alijitolea kuisoma. Nikamwambia hii si insha ya darasa la saba, ni sera. Akarudi kwenye madaftari yake akiguna.

Nimeituma kwa wanachama wote. Haibadiliki tena.

Jioni, pigo. Mama mkwe amepata daktari mpya. Amempata nani? Madaktari wote waliojaa mji huu, amekwenda kwa Tabasamu!

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe alikuja kututembelea. Hakuwa na habari nyingine. Tabasamu amempima presha mkono wa kulia na wa kushoto. Tabasamu amemuuliza usingizi. Tabasamu amembadilishia dawa, na kizunguzungu kimeanza kupungua.

Kizunguzungu gani? Nikauliza. Akasema kile cha siku nyingi, akiinuka kitandani. Mbona hakuniambia? Akasema hakutaka kunitia wasiwasi, nina kazi nyingi, na nikimpima huwa natazama saa.

Nimekaa barazani peke yangu muda mrefu. Angeweza kuanguka. Kwa hiyo kanuni yangu ni sahihi kabisa, ushahidi ninao ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi.

Hata hivyo, hakuna kurudi nyuma. Nimeshapiga pasi suti.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kwa ufupi maana najisikia vibaya.

Ukumbi ulijaa. Mama Kengele akavaa miwani na kuisoma hoja yangu: "Daktari wa familia haruhusiwi kutibu familia."

Mmoja nyuma akakohoa. Halafu ukumbi mzima ukapasuka. Mama mmoja daktari, mnene, mwenye zahanati karibu na stendi, akasimama kuuliza kama kuanzia Jumatatu atibu makapera peke yao. Mwingine akauliza mapacha wanahesabika familia, au wakija mmoja mmoja inaruhusiwa. Mzee wetu mstaafu alicheka mpaka wakampa maji.

Nilisimama nikasema limedondoka neno moja tu, "yake", tuliongeze tuendelee. Mama Kengele akagonga kengele. Akasema hata neno moja haliongezwi, ndiyo kanuni. Akanishukuru mbele ya watu kwa kuipendekeza.

Kisha Tabasamu akaomba nafasi. Nikajua sasa ananimaliza. Wapi! Akaniombea. Akasema nia ya hoja ni njema, na kwamba tangu alipomhudumia mgonjwa mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa anamficha mkwe wake maradhi, amewaza sana, na mama yake mwenyewe amemkabidhi kwa daktari mwingine. Akasihi neno liongezwe. Ukumbi ukampigia makofi. Kengele ikagongwa. Haiwezekani.

Ikaja kura. Waliopinga: ukumbi. Waliounga mkono: mkono mmoja. Ulikuwa wangu. Niliunyoosha mpaka bega likauma, siwezi kuitupa hoja yangu kwa sababu ya neno moja.

Uchaguzi ulifuata. Kura zangu zilihesabiwa kabla Mama Kengele hajafuta miwani. Makamu mwenyekiti ni Tabasamu. Alikuja kunikumbatia, kisha akaanza kubeba viti.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Ameniita mwanangu. Amesema nisijali, na kwamba daktari wake amemsifia mkwe wake kuwa mtu mwenye msimamo. Nilishukuru, ingawa nilibana meno.

Mke wangu akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza mengi! Kwanza, Tabasamu hang'olewi kwa mambo ya mama yake. Anang'olewa kwa muhula. Ameshinda mara hii, sawa. Asishinde tena. Tunahitaji damu mpya kila uchaguzi, nani atapinga hilo?

Mke wangu akanyoosha mkono aisome hoja yangu mpya. Nikaiinua juu. Nimekaa nayo tangu kifungua kinywa, kila neno liko mahali pake: "Mwanachama aliyeshindwa katika uchaguzi wa makamu mwenyekiti haruhusiwi kukigombea kiti hicho tena maishani mwake."

Hiyo "mwake" ya mwisho nimeiacha kwa makusudi. Nimeshaituma kwa wanachama wote. Safari hii hakuna neno lililodondoka.