Ng'ombe Anayekunywa Petroli Kidogo

Jumatatu, 1 Machi 1954

Mimi ni mtu wa bahati. Nimeizunguka dunia, Kisumu mara nyingi, Nakuru mara moja, sijaona mwenye bahati kama yangu. Wanaume wa Kisii nzima waligombania gari la Okoth, yule fundi wa karibu na soko. Likaniangukia mimi! Nikampa ng'ombe wote walioletwa kwa mahari ya dada yangu Nyanchera. Nikaondoka nimeketi.

Najua, najua. Ng'ombe wa dada ndio wa kuolea kaka. Mtoto wa Kisii hulijua hilo kabla ya kuota meno. Na mimi nataka kumwoa Nyanchama wa Suneka, naye ananitaka. Lakini nani alisema mahari lazima iwe na pembe? Baba yake, mzee Ongeri, nitampa gari. Abner, karani wa kahawa, naye anamvizia Nyanchama. Ana ng'ombe wanono tu. Maskini Abner!

Jumanne, 2 Machi

Suneka. Nimemweleza mzee sayansi yote. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, la tano nikalisikilizia dirishani.

Nilimwambia, baba, mnunuzi mjinga hutazama rangi. Mwerevu huuliza linakunywaje. Injini hii ni ndogo, tumbo dogo halimalizi chungu. Kabureta ndiye mpishi: anachanganya petroli na hewa, na huyu wetu ni bahili, petroli kidogo, hewa nyingi. Kuna gia ya juu, magurudumu yanakimbia huku injini inatembea. Na juu ya yote, friwili! Kama ya baiskeli. Kwenye mteremko unaacha kukanyaga, gurudumu linakwenda, miguu inapumzika. Gari hili ni hivyo hivyo. Ukiinua mguu, injini inasinzia, inalamba petroli kidogo tu ya kulowesha midomo.

Mzee alifikiri sana. Akauliza kama linazaa. Nikasema hapana. Akauliza kama linatoa samadi ya migomba. Nikasema linatoa moshi. Akauliza, likifa, nyama yake inagawanywaje? Nikarudi kwenye kabureta.

Abner alikuwa pale pale, anakunywa uji wa wakwe zangu. Akataka kujua kwa nini gari lisilokunywa limefika likisukumwa. Nikamjibu tulikuwa tunalipumzisha.

Mzee ameamua. Mahari hukaguliwa, nalo litakaguliwa. Alhamisi atatia nusu galoni mbele ya ndugu zake. Lipande hadi mjini Kisii, lirudi langoni kwake kwa nguvu zake lenyewe. Likishindwa, Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, ng'ombe wa Abner watakuwa bomani.

Nyanchama alikuwa nyuma ya ghala. Alinikonyeza. Nimekwisha kushinda.

Jumatano, 3 Machi

Nimekwisha.

Nimelijaribu mlimani. Linapanda kwa gia ya kwanza, linalia kama nguruwe, linakunywa kama mjomba wangu siku ya matanga. Nikamkimbilia Okoth. Alicheka hadi akashika ukuta. Omera, ndugu yangu, akasema, injini ndogo ni ya tambarare! Huku kwenu milimani injini kubwa hupanda polepole kwa gia ya juu, ndogo hukaza roho kwa gia ya chini, mwishowe zote zinakunywa sawa. Hukuuliza.

Kisha akaacha kucheka. Akanionyesha kitufe karibu na usukani. Akasema kwenye mteremko mkali nikisukume, friwili ifungwe, injini iyashike magurudumu. Nikiiacha wazi, uzito wote utalala juu ya breki, na breki zenyewe ni za kuombewa.

Nilimsikia. Lakini fikiria! Nitakachopoteza nikipanda nitakipata nikishuka. Friwili wazi, kutoka mjini hadi langoni. Akili hizi sikuzipata shuleni.

Alhamisi, 4 Machi

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Wazee walilikagua. Mmoja alilipapasa tumbo. Mwingine alitafuta meno. Petroli ikatiwa. Nikapanda, linalia, mimi naomba. Nikafika mjini!

Kurudi, nikawakuta akina mama watatu wanatoka sokoni na viazi vitamu, ndizi na kuku. Moyo wangu una ugonjwa: hauwezi kupita mtu mwenye mzigo. Nikawapakia wote. Wakanibariki.

Mteremko ukaanza. Nikainua mguu. Lo, utamu! Injini imesinzia, tunasikia ndege wakiimba. Akina mama wakaanza wimbo wa kanisani. Gari likaongeza mwendo, wimbo ukaongeza mwendo. Breki zikanuka kama mahindi yaliyoungua. Kisha zikaacha hata kunuka. Nikakumbuka kitufe, nikakisukuma, hakikuingia. Akina mama wakabadilisha wimbo, wakaanza ule wa kuzikia.

Nililiona lango la mzee Ongeri. Nilimwona Nyanchama akipunga leso. Nikampungia na mimi, ningefanya nini? Tukapita. Tukasimama ndani ya migomba ya baba yake, chini kabisa.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa kuku. Na petroli ilibaki! Nilipiga kelele waje waone tangi. Hakuna aliyetazama.

Mzee alisema ameona ng'ombe wa kila namna, vilema, wenye jicho moja. Lakini ng'ombe anayepita lango la mwenyewe akikimbia, huyo hajamwona, wala hamtaki.

Nyanchama alikuja peke yake. Akanitoa majani kichwani, moja moja. Akasema angenikubali hata na ng'ombe vilema. "Vilema, Obadiah. Lakini ng'ombe." Akaenda.

Ijumaa, 5 Machi

Nilisikia vigelegele nikiwa migombani, nachimbua gurudumu. Ng'ombe wa Abner wameingia bomani.

Baadaye Abner mwenyewe akashuka na maksai wawili, wakalivuta gari langu hadi barabarani. Hakunicheka. Mshenzi.

Jioni alikuja Nyanchera, kwa miguu kutoka Nyacheki alikoolewa. Nilingoja matusi. Akasema tu kwamba wale ng'ombe walikuwa ni yeye. Kila asubuhi akimchotea mama mkwe maji, hujiambia, si kitu, kaka yangu ataoa. Kisha akanifulia shati, akanisongea ugali wa wimbi. Niliapa sitaugusa.

Niliugusa kidogo.

Jumapili, 7 Machi

Okoth amekuja kuliangalia gari. Ana lori. Dizeli! Anasema halina kabureta wala plagi za kutoa cheche, linaikandamiza hewa hadi inapata moto, dizeli ikinyunyizwa inawaka yenyewe. Linapanda mlima wowote na kunywa nusu. Atalichukua hili bovu, nami nimwachie mavuno ya kahawa yangu. Nitabeba mizigo, nitanunua ng'ombe wengi kuliko wa Abner, na mzee Ongeri atamrudishia karani ng'ombe wake. Kesho alfajiri niko uani kwa Okoth.

Sikuuliza breki.

Okoth anasema niwahi, wanaume wa Kisii nzima wanaligombania. Aliyasema hayo hayo kuhusu lile la kwanza, nami nikayaandika hapa Jumatatu. Ni uongo. Hakuna aliyeligombania. Siku ile uani kwa Okoth nilikuwa mimi, na kuku wake.