Mmarekani wa Arobaini ya Mdogo Wangu

Leo, Jumamosi. Kilichopotea ni heshima yangu yote, hapa Mitwero, mbele ya watu waliokuja kumsomea dua mdogo wangu.

Nimeumbuka, ndugu zangu. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana nimeona simu mbili tatu zikirekodi.

Kwa wasiojua, leo ilikuwa arobaini ya Hamisi. Hamisi alikuwa na kazi mbili: kupulizia salfa kwenye mikorosho ya watu, na kuimba hip hop. Ya kwanza ilimpa chakula. Ya pili aliifanya shambani peke yake, akijirekodi kwa simu. Wasikilizaji wake wa hapa mtaani walikuwa mbuzi.

Wiki ya msiba shangazi alifua suruali ya marehemu na simu ikiwa mfukoni. Nyimbo zote zikaenda na povu. Mtandaoni kimebaki kipande kimoja kifupi, na humo mlio wa bomba la salfa umemeza maneno. Tangu hapo Mama halali vizuri. Anasema sura ya Hamisi anaiona hata akifumba macho, ila sauti imeanza kumponyoka.

Sasa, kulikuwa na mtu anaitwa Roja, yuko Marekani. Alikiona kile kipande, akamwandikia Hamisi, na Hamisi akawa anamtumia kila wimbo. Baada ya msiba akaniandikia mimi. Nikamwomba anitumie hizo nyimbo. Akajibu kwamba kitu cha marehemu hakitumwi, kinapelekwa, naye atakuja arobaini azikabidhi mkononi kwa mama.

Sura yake sikuwahi kuiona. Kwenye akaunti yake ameweka picha ya redio kaseti. Basi nikamchora kichwani. Mmarekani wa hip hop tunamjua, tumemwona kwenye televisheni za vibandani tangu utotoni: mweusi, mrefu, mnyororo wa dhahabu shingoni, miwani ya jua hata akiwa ndani, suruali imegoma kupanda kiunoni. Sikujua kama kuna wa aina nyingine. (Mimi mwenyewe ni mweusi, sina mnyororo, na suruali yangu inapanda vizuri. Hilo halikunifundisha kitu.)

Dua ikasomwa, ikaisha salama. Pilau ilikuwa inapoa kidogo, wapishi wakawa wanamalizia kachumbari. Mimi nimesimama mlangoni mwa uwanja na kanzu yangu, napokea wageni.

Akashuka kwenye bodaboda mzungu mmoja mzee. Mvi kichwa kizima, makubazi na soksi, begi dogo mgongoni. Akaja moja kwa moja.

"Oya mwanangu, niaje?"

Nikadhani sikusikia sawasawa. Akamgeukia Sheikh, ambaye alikuwa anapita na birika la kunawia.

"Inakuwaje, mchizi wangu?"

"Alhamdulillahi," akajibu Sheikh, akazitazama zile soksi.

Nikajua huyu ni mtalii aliyepotea, tena kafundishwa salamu na wahuni wa stendi. Nikamwambia taratibu, "Mzee, magofu yako Kilwa. Rudi barabarani, usubiri basi. Hapa tuna shughuli ya marehemu."

"Mimi nakuja kwa sababu ya..."

Hakumaliza, kwa sababu nyuma yake nilimwona Mmarekani wangu.

Mweusi. Mrefu. Mnyororo mnene shingoni, miwani ya jua, suruali nusu ya makalio. Kofia yake ilifanana kabisa na ile aliyokuwa anavaa Hamisi. (Nikajisemea, haya ndiyo mapenzi ya kweli kwa msanii.) Alikuwa anatembea huku anachechemea makusudi na kukatakata hewa kwa vidole.

Yule mzungu nikamsukumia kwenye benchi la wapishi, nikamwambia apumzike na asipige picha. Wapishi hawapendi mtu akae bure, wakampa kisu na vitunguu.

Mimi nikamkimbilia mgeni. Nikamkumbatia, nikalia begani kwake. Akasimama kama mti, halafu akanipigapiga mgongoni. Nikamketisha kwenye jamvi la mbele, ubavuni kwa Sheikh. Sinia la nyama lililokuwa la Sheikh nikalivuta mbele yake. Kisha nikasimama na kuwaambia watu, "Ndugu zangu, huyu ametoka Marekani. Amevuka bahari kwa ajili ya Hamisi wetu. Atasema neno, mimi nitawatafsiria."

Mimi ni wa darasa la saba. Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya mfuko wa salfa. Lakini ni nani mwingine angetafsiri?

Mgeni akasimama, akapandisha suruali, ikashuka. Akatoa maneno mengi ya haraka. Nilishika "yo", nikashika "Hamisi", nikashika "very".

"Anasema anatoa pole kwa familia," nikatafsiri.

Akaongeza mengine, safari hii akizunguka na kujipiga kifuani.

"Anasema kule kwao Hamisi anajulikana."

Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Wengine walijifunika uso kwa barakashia. Mabega yao yakawa yanatikisika. Nikaona kweli maneno yamewaingia, nikazidi kupata nguvu.

Akasema jambo refu sana, mwisho wake akachuchumaa na kuguna.

"Anasema," nikasema, na sauti yangu ikakatika, "kifo ni fumbo."

Ndipo nikapiga magoti. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa vile moyo haujui Kiingereza, "Bwana Roja, mama yetu yuko pale upande wa wanawake, anasubiri. Tunakuomba sauti ya mtoto wake."

Mgeni akavua miwani.

"Basi, bwana Rashidi," akasema. "Inuka. Mimi naitwa Mbawala. Mngoni, mtani wenu. Nimetoka Songea."

Kama hamjui desturi zetu: mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu kwenye msiba. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anamkejeli hadharani, na mfiwa hana haki ya kununa. Mbawala hakuwahi mazishi, kwa hiyo leo alikuja kutimiza wajibu wake.

"Kofia nimepewa na mama yako," akaendelea. "Nilikuwa namwigiza Hamisi. Nilidhani umeshaelewa, unanisaidia tu."

"Na Kiingereza?"

"Kile hata mimi sikijui. Ila wewe umekitafsiri vizuri."

Hapo uwanja ukalipuka. Mabega yale hayakuwa ya kilio. Sheikh alilazimika kuweka birika chini. Upande wa wanawake nilisikia mtu anagongagonga sufuria.

Nikiwa bado nimepiga magoti, yule mzungu akaja. Kisu mkono mmoja, kitunguu mkono mwingine, machozi yanamtiririka. (Kwa sababu ya kitunguu, au kwa sababu yangu, sijauliza.)

"Samahani," akasema. "Roja ni mimi."

"Roja wa hip hop?"

"Huyo."

Mimi siwezi kudanganya, nikauliza kilichokuwa moyoni. "Mbona mzungu?"

Akafikiri. "Nimezaliwa hivi," akasema.

Mbawala akalala chini kabisa.

Roja akakaa kwenye jamvi, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Muziki ule waliouanzisha ni watu weusi, na heshima ni yao. Televisheni nayo ikawachagua wale wenye minyororo na bastola, ikawaonyesha hao hao, mpaka dunia ikadhani hakuna wengine. Lakini ukienda ukumbini, anasema, mbele ya jukwaa wamejaa watu wa rangi yake, wakiwemo wazee wa soksi. Kiswahili chote alichonacho amekitoa kwenye nyimbo za Hamisi. Ndiyo maana alimwita Sheikh mchizi.

Nikamwomba radhi. Akasema haina noma. Kisha akanisogelea na kunong'ona.

"Wale waliompiga Hamisi risasi wamekamatwa?"

"Nani kapigwa risasi?"

Akatoa simu, akanionyesha kile kipande cha mtandaoni. Hamisi amejifunga kitambaa usoni, moshi umetanda, mgongoni ana chombo chenye mdomo mrefu.

"Genge lake," akasema kwa huzuni. "Na silaha."

"Mzee, hilo ni bomba la salfa. Anapulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri. Kitambaa ni ili asikohoe. Hamisi amekufa kwa homa ya ini."

"Hana genge?"

"Alikuwa na mbuzi wanne."

Akawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye mvi. Sitaficha, nilifarijika sana.

"Nyie wawili kaeni hapo hapo pamoja," akasema Sheikh, akilirudisha sinia lake. "Mmefanana."

Halafu Mama akaja. Watu wakampisha. Hakunitazama mimi, alimtazama Roja tu.

"Shikamoo mama," akasema Roja. Hiyo walimfundisha wapishi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja naye?"

Roja akafungua begi, akatoa spika ndogo, akaishika kwa mikono miwili kama anayebeba yai. Akamtazama Sheikh.

"Dua imekwisha," akasema Sheikh. "Mama asikie."

Kwanza kikasikika kikohozi. Kikohozi cha Hamisi, cha salfa, hakuna mwingine mwenye nacho. Mama akakaa chini palepale na kushika mguu wangu. Kisha ngoma ikaanza, na Hamisi akaingia, karibu nasi kabisa, anacheka katikati ya maneno kama alivyokuwa. Mbawala alikuwa amevua kofia. Mimi nililia, na leo hii kilio hicho ndicho pekee ambacho sikukikosea mahali.

Nikawa nafuta machozi nilipoanza kuyasikiliza maneno.

Wimbo ulikuwa unanihusu mimi. Hamisi anasimulia kaka yake Rashidi anavyokoroma. Anasema akikoroma Mitwero, mikorosho ya Kilangala inapukutisha maua. Anasema watu wa Nyangamara wameshaanika nguo, wanaanua, wanadhani mvua inakuja. Ubeti mzima. Halafu akaniigiza, kwa pua.

Watu wakanigeukia wote. Nikainama, nikamtazama Mama.

Mama alikuwa anacheka. Hana sauti, machozi yanashuka, meno yote nje. Sijamwona hivyo tangu tumzike mtoto wake.

Wimbo ukaisha.

"Roja, mwanangu," akasema Mama. "Rudisha pale anapokoroma."

Akarudisha.